Kubali: Amri Isiyotoka Kambini

Wasomaji wa kijarida chetu wamezoea kukuta katika ukurasa huu uhakiki wa riwaya, tamthilia au diwani ya mashairi. Safari hii tumechagua albamu ya muziki wa kufokafoka. Hatukuichagua ili kuwafurahisha vijana, wala hatuna nia ya kudai kwamba kila kinachorekodiwa studio ni fasihi. Tumeichagua kwa sababu jina lake ni neno moja la Kiswahili, limetamkwa na msanii wa Kampala, mji ambao wakazi wake wengi huona kwamba wanaweza kuishi vizuri bila Kiswahili. Kwa maoni yetu neno hilo linagusa jeraha ambalo sisi walimu wa lugha hii nchini Uganda hulipita kimyakimya kila tunapofungua kitabu cha sarufi.

Albamu yenyewe ni Kubali, kazi ya MC Yallah na Debmaster, iliyotoka mwaka 2019. Yallah alizaliwa Kenya, akakulia Uganda, na alianza kufoka mwaka 1999. Anafoka kwa Luganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza. Debmaster ni Mfaransa mwenye makao yake Berlin. Yeye hafoki bali hutengeneza midundo. Vijana wa Tanzania wana neno lao kwa wasanii wasiosikika sana redioni: andagraundi. Lakini huko andagraundi ni mtu anayesubiri kutoka, yaani kujulikana. Kwa hawa wawili chini kwa chini ni makazi, si kituo cha kungojea basi. Muziki wao ni wa kumbi za usiku, matamasha na mtandao. Abiria wa teksi ya kwenda Ntinda hawezi kuusikia ila kondakta awe mtu wa ajabu.

Lebo iliyoitoa albamu hiyo inaitwa Hakuna Kulala. Ni tawi la lebo ya Nyege Nyege Tapes ya hapa Kampala, yenye uhusiano na tamasha la Nyege Nyege ambalo lilianza mwaka 2015 karibu na Jinja. Tusimame hapa kidogo, maana majina haya mawili ni somo tosha la semantiki. Waandaaji wa tamasha hueleza kwamba jina lao linatokana na Luganda, likimaanisha ile hamu ya ghafla ya kucheza ambayo mtu hawezi kuizuia. Mswahili akilisikia jina hilo hilo hujikohoza na kutazama pembeni, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyejua sababu na aifungue kamusi akiwa peke yake. Mwaka 2018 Waziri wa Maadili wa wakati huo, Padri Simon Lokodo, alitangaza kulipiga marufuku tamasha hilo, kisha likaruhusiwa. Hatusemi kwamba jina ndilo lililoleta zogo. Tunasema tu kwamba Kampala ni mji ambamo neno moja linaweza kuwa ngoma kwa jirani mmoja na tusi kwa jirani wa pili, na muziki tunaouhakiki umezaliwa katika mpaka huo.

Tuanze na neno lenyewe. Mwalimu yeyote aliyefundisha wanaoanza anajua usumbufu wa kitenzi kubali. Mwanafunzi akiona ku- mwanzoni hudhani ni ile ku- ya kusoma na kuandika. Huikata, kisha anakuletea daftari lenye "anabali" na "tulibali". Tunampa alama ya kosa na kumweleza kwamba neno lina asili ya Kiarabu, na kwamba ku- hiyo ni sehemu ya mzizi. Tukishamaliza hilo huja la pili. Vitenzi vya Kibantu hubadilisha irabu ya mwisho: anapenda, hapendi, apende. Kubali hakibadilishi kitu: anakubali, hakubali, akubali. Ukikikanusha kinabaki vile vile, ukikiweka katika hali ya kutaka au kuomba kinabaki vile vile. Ni kitenzi kinachozungumzia kuridhia, na chenyewe hakiridhii kubadilishwa mwisho wake kwa ajili ya mtu yeyote.

La tatu ni kwamba kubali huhitaji yambwa. Kubali nini? Mkubali nani? Kubali kwamba nini? Albamu haisemi. Haikuitwa Nikubali, jina ambalo lingekuwa ombi la msanii kwa mashabiki na lingetosheka na upigaji makofi. Haikuitwa Tukubali, ambalo lingekuwa mahubiri. Imeachwa amri tupu, katika umoja, isiyo na kitu cha kukubaliwa. Anayeisikia analazimika kujaza nafasi hiyo mwenyewe, na kila mtu ataijaza kulingana na pale alipokutana na neno hilo.

Aliyelelewa katika methali ataanza na ile isemayo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwake kukubali ni uungwana wa aliyeshindwa. Mtu wa Dar es Salaam au Tanga ataongeza "kubali yaishe", maneno anayoambiwa mtu mwenye haki yake lakini aliyechosha watu kwa kuidai. Hapo kukubali kunanuka unyonge. Kijana wa leo wa Dar au Nairobi atakuja na matumizi ambayo kamusi nyingi bado zinayaona kama ya mitaani: "nakukubali", yaani nakuheshimu, nakutambua kwamba unaweza kazi yako. Hapo kukubali ni taji. Neno moja linabeba kushindwa, kuchoshwa na kutawazwa. Tunaamini kwamba nguvu ya jina la albamu hii iko katika kutochagua kati ya hayo matatu, na tunaamini vile vile kwamba msikilizaji wa Kampala ana maana ya nne ambayo wenzetu wa Pwani hawanayo.

Maana hiyo ya nne inatoka katika umbo la neno, yaani amri. Kwa watu wengi wa Buganda Kiswahili kilifika masikioni kikiwa amri. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana Gowers alipotaka kukipa nafasi kubwa shuleni na serikalini, Kabaka Daudi Chwa alipinga, na sehemu kubwa ya viongozi wa Buganda walikuwa upande wake. Lugha ikabaki kwa askari wa King's African Rifles, kwa polisi na magereza. Mwaka 1973 Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa kwa tangazo la kijeshi, na katika vizuizi vya barabarani raia walijifunza sarufi kwa njia ambayo hakuna mwalimu angeipendekeza: simama, toa, lala chini, lete. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania yaliingia Kampala pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, na Luganda ikapata neno bakombozi, kutoka wakombozi. Ni neno la shukrani, lakini nalo lilikuja na bunduki begani. Kisha ikaja miaka ya mwanzo ya 1980, na misako ya jeshi iliyokumbukwa hadi leo kwa jina la panda gari.

Msomaji mwanafunzi aliyezaliwa baada ya mambo hayo na ayatazame maneno hayo mawili kwa makini. Panda ni kitenzi katika hali ya kuamrisha, nafsi ya pili umoja. Gari ni yambwa. Sentensi kamili, fupi, sahihi kabisa kisarufi, na imegeuka kuwa nomino ya hofu katika mazungumzo ya watu ambao hawajui sentensi nyingine yoyote ya Kiswahili. Ongeza kibooko, ambalo Luganda imelipata kutoka kiboko, na utaelewa kwa nini bibi wa Bwaise au Makindye huuliza, pale mjukuu anapomwambia amechagua kusoma Kiswahili chuoni, kama anataka kuwa askari.

Sisi walimu tunalijibu swali hilo kwa nyaraka. Tunataja marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliyokifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Tunataja mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020, unaokiweka katika masomo ya lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili. Tunataja uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022. Yote ni kweli na yote ni muhimu. Lakini tazama umbo lake: ni amri tena. Tunamwambia bibi kwamba serikali imeamuru, na bibi anatikisa kichwa kwa sababu hilo ndilo alilokuwa anasema.

Sasa msikilize Yallah. Amechukua umbo lile lile, kitenzi katika hali ya kuamrisha, nafsi ya pili umoja, na amelitamka akiwa mwanamke, raia, asiye na cheo wala kiboko. Kwa miongo mingi Kiswahili cha amri katika mji huu kilikuwa na sauti ya mwanamume aliyevaa sare, na aliyeamriwa hakuwa na lugha ya kumjibu. Hapa aliyezoea kuamriwa ndiye anayeamuru, tena kwa lugha ya aliyemwamuru. Huenda msanii hakukusudia hayo yote. Mhakiki hana haja ya kuingia moyoni mwa mtunzi. Anahitaji kueleza kile ambacho neno linafanya mahali linaposemwa. Neno hili likisemwa Zanzibar ni wito. Likisemwa Kampala ni kugeuza bunduki iliyokwisha risasi na kuipigia ngoma.

Fasihi ya Kiswahili ina amri nyingine ya kike, ya zamani zaidi. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni wa mama anayemwelekeza binti yake, na umejaa vitenzi vya kuamrisha. Wanafunzi wetu huusoma. Tofauti ni kwamba mama wa Pate anatumia mamlaka yake kumfundisha binti kutii: Mungu, Mtume, wazazi, mume. Yallah hana binti mbele yake wala hafundishi utii. Ana hadhira isiyomjua, na kati ya mwaka aliposhika kipaza sauti na mwaka ilipotoka albamu hii imepita miaka 20. Mtu aliyefoka miaka 20 katika mji ambao muziki unaolipa ni wa aina nyingine akisema "kubali", msikilizaji anapaswa kujiuliza nani hasa amechelewa.

Kwa upande wa fani, tuseme kwanza juu ya uwili wao. Hip hop ya Kiswahili imezoea vikundi vya wawili ambamo wote wanasema. Wagosi wa Kaya wa Tanga, Mkoloni na Dr John, walijengwa juu ya majibizano: mmoja anaanza, wa pili anadakia, na mtu anayesikiliza hupata raha ya baraza. Gangwe Mobb wa Temeke, Inspekta Haroun na Luteni Kalama, hali kadhalika. Katika Kubali mmoja wa wawili ni bubu. Debmaster hana sauti. Ana besi nzito iliyokwaruzwa, ngoma zinazoingia mahali usipozitarajia na kukaa kimya pale ulipokuwa umeshainua mguu, na milio ya vinanda vya umeme inayofanana na mashine ya michezo ya kompyuta inayoharibika. Majibizano yapo, lakini ni kati ya binadamu na mtambo. Yallah akisukuma, mtambo unarudi nyuma. Mtambo ukijaa, yeye anapunguza maneno na kuyakata mafupi. Aliyezoea kufundisha ngonjera atatambua mpango huo hata kama hapendi kelele zake.

Na kelele zipo. Hatutaki kumdanganya msomaji. Mwenzetu mmoja katika idara, mpenzi wa taarabu ya zamani, alisikiliza kwa uvumilivu mkubwa, kisha akauliza kama kipaza sauti chetu kilikuwa kibovu. Hakikuwa kibovu. Mkwaruzo ule umekusudiwa.

Kilichotuvutia zaidi ni jinsi lugha nne zinavyotumika kama ala nne. Mara nyingi uchanganyaji wa lugha katika muziki wa Afrika Mashariki huelezwa kijamii: msanii anataka soko kubwa, anataka kuonekana wa mjini, na kadhalika. Maelezo hayo si mabaya, lakini hapa yanaficha jambo la wazi la kifonetiki. Luganda ina konsonanti zinazokazwa: ggwe, ttaano, emmere. Mkazo ule unasimamisha pumzi kwa muda mdogo kabla ya sauti kutoka, na mfokaji mwepesi anaweza kuiweka ngoma katika ule upenyo. Kijaluo kina maneno yanayofungwa na konsonanti, kama wach na piny; yanafunga mlango na kuacha ukimya mkali mwishoni mwa mstari. Kiswahili hakina hili wala lile. Silabi zake nyingi ziko wazi, na mkazo wake hukaa mahali pamoja, silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo unapotoka katika Luganda inayokwaruza na Kijaluo kinachofunga, ukaingia katika ku-BA-li, kinywa kinafunguka. Ni neno la silabi tatu lenye uzito katikati, rahisi kurudiwa na ukumbi mzima, hata na mtu wa Berlin asiyejua maana yake. Nadhani hata asiyependa hip hop atakubaliana nasi kwamba huko ndiko kuijua lugha kwa mwili, na wanafunzi wetu wachache hufika hapo kwa mazoezi ya matamshi tunayowapa.

Kuna jambo la mizani pia. Mpigo wa kawaida wa hip hop una mapigo manne, na kila pigo likigawanywa mara nne tunapata nafasi 16. Mshororo wa shairi la Kiswahili lililozoeleka una mizani 16, nane kwa kila kipande. Hatudai kwamba kuna undugu wa kihistoria kati ya malenga wa Lamu na vijana wa New York. Huo utakuwa uongo mtamu. Lakini ulinganifu huo unamfaa mwalimu. Mfokaji wa Kiswahili anayeweka silabi moja katika kila nafasi atajikuta anatembea katika nyayo za Muyaka bila kujua, na tatizo lake litakuwa lile lile la watunzi wabovu wa mashairi ya magazetini: kujaza mizani kwa maneno yasiyo na kazi. Yallah ni mwepesi sana wa ulimi, na kuna nyakati huzijaza nafasi zote 16 hadi pumzi ya msikilizaji ikakatika, lakini ubora wake uko katika nafasi anazoziacha. Anajua kunyamaza kwa pigo moja zima, akaiacha besi ipite peke yake, kisha akarudi kwa neno moja. Hesabu za mizani haziwezi kumwonesha mwanafunzi thamani ya kituo. Albamu hii inaweza.

Hata hivyo tuna malalamiko, na si madogo. La kwanza ni kwamba Kiswahili katika kazi hii hakikupewa nafasi ya kufikiri. Luganda ndiyo nguzo. Ndiyo inayobeba masimulizi na majigambo marefu. Kiswahili kinang'aa kama kioo kidogo kwenye jua, kisha kinapotea. Mtu aliyezoea Kalamashaka wa Dandora, ambao mwishoni mwa miaka ya 1990 walionesha kwamba Kiswahili cha mitaani kinaweza kubeba hoja nzito kuhusu umaskini na polisi kwa wimbo mzima, atabaki na njaa. Jina la albamu limeahidi zaidi ya kile ambacho lugha hiyo imeruhusiwa kutoa ndani yake.

La pili linahusu hadhira. Ukichanganya lugha nne, kasi kubwa na midundo inayofunika maneno, msikilizaji pekee anayeweza kuelewa yote ni mtu mwenye maisha kama ya Yallah mwenyewe: aliyezaliwa upande mmoja wa mpaka na kukulia upande wa pili, mwenye Kijaluo na Luganda. Watu hao wapo, na pengine ni wengi kuliko tunavyodhani. Ila wasikilizaji waliompokea kwa shangwe kubwa wako katika kumbi za Ulaya, ambako lugha zote hizo, ukiondoa Kiingereza, ni ladha tu ya sauti. Tunaogopa hali ambayo neno lenye historia nzito kama "kubali" linapigiwa kelele na watu wanaolifurahia kwa sababu hawalielewi. Kosa hilo si la msanii, lakini linapunguza makali ya amri yake: aliyekusudiwa kuamriwa hayupo ukumbini.

Tukija kwenye maudhui, Yallah anajulikana kama mfokaji wa ujumbe, na hatuna haja ya kuyaorodhesha mawazo yake hapa; atakayesikiliza atayapata. Tungependa badala yake kuonesha jambo moja ambalo wahakiki wasiojua lugha za hapa hawangeweza kuliona. Mganda akitaka kusema kubali husema kkiriza. Neno hilo hilo, okukkiriza, ndilo analotumia kwa kuamini, hata kuamini Mungu. Mjaluo naye ana yie, ambalo ni kukubali na pia ni kuamini. Kiswahili kimetenganisha mambo hayo: kubali ni kubali, amini ni amini, na mtu anaweza kukubali bila kuamini, kama wengi wetu tunavyofanya mbele ya maafisa. Kwa hiyo mtu mwenye Luganda na Kijaluo kichwani anapotamka kubali, nyuma ya neno la Kiswahili kuna kivuli cha imani ambacho Kiswahili chenyewe hakina. Anasema kubali na ndani yake mnasikika niamini. Hilo ni jambo ambalo Kiswahili cha Uganda kinaweza kukipa Kiswahili cha wote, na sisi kwa kawaida hulisahihisha kwa wino mwekundu tukiliita athari za lugha ya kwanza.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba kuleta muziki wa namna hii darasani ni kufungulia mlango lugha mbovu. Hoja hiyo ina uzito Dar es Salaam, ambako mwanafunzi hufika chuoni na Kiswahili cha mitaani kilichokwisha komaa, na mwalimu ana kazi ya kumwonesha rejista nyingine. Hapa Kampala mwanafunzi hufika akiwa na hofu. Anajua kanuni za upatanisho wa ngeli kuliko kijana wa Kariakoo, lakini akiulizwa njia na dereva wa lori kutoka Mombasa hujibu kwa Kiingereza. Kiswahili hai cha mji huu kiko kwa dereva yule, kwa wafanyabiashara wa Kikuubo, kwa wakimbizi wa Kongo walioko Katwe na Nsambya, wenye Kiswahili chao kisichoomba ruhusa kwa mtu. Haki ya kukitumia Kiswahili kibaya kidogo, kwa ujasiri, mbele ya watu, ni haki ambayo hatujawapa wanafunzi wetu, na Yallah hakungoja kupewa.

Albamu iliyofuata, Yallah Beibe ya mwaka 2023, ina watayarishaji zaidi ya mmoja: Debmaster yupo, na pamoja naye wapo Scotch Rolex kutoka Japani na Chrisman kutoka Kongo, huku Lord Spikeheart wa Kenya na Ratigan Era wa Uganda wakishirikishwa. Ni kazi pana na yenye furaha zaidi, na pengine inasikilizika kwa urahisi zaidi. Sisi tunarudi kwa Kubali. Kule kuna karamu. Huku kuna watu wawili tu na neno moja, na kila mmoja anamsikia mwenzake.

Tumeandaa zoezi kwa walimu wa mwaka wa kwanza na wa pili watakaopenda kulitumia. Wanafunzi wasikilize wimbo mmoja mara tatu bila maandishi. Mara ya kwanza waandike kila neno la Kiswahili wanalolitambua, hata kama ni mawili tu. Mara ya pili wagonge meza kwa kila pigo na kuweka alama pale msanii anaponyamaza. Mara ya tatu wenye Luganda na wenye Kijaluo wawatafsirie wenzao walichopata, kwa Kiswahili, bila kusaidiwa na mwalimu na bila kusahihishwa hadi wamalize. Baada ya hapo kila mmoja akatunge sentensi kumi za kuamrisha ambazo askari hawezi kuzisema. Tulipolijaribu kwa mara ya kwanza, sentensi tatu za mwanzo zilikuwa ngumu kupatikana darasa zima. Ya nne ilitoka kwa msichana aliyekaa nyuma, aliyesema tu "nisubiri", na baada ya hapo ubao haukutosha.